Kujitambua, Sehemu ya Pili: Mfinyanzi wa Fumba

Wiki iliyopita nilieleza kwamba mtu hawezi kuishi kwa matakwa yake kabla hajajua kilicho chake hasa ni kipi. Leo tumtazame Siti binti Saad, kwa sababu maisha yake yanatusahihishia kosa moja kubwa.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watumwa, akaitwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikufuta dharau. Binti wa shamba aliyefinyanga vyungu na kwenda kuviuza mjini aliendelea kupimwa kwa asili yake. Jina la Siti, lenye heshima, alilipata baadaye.

Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, mtu mzima tayari. Huko mwanamuziki Ali Muhsin akamfunza kuimba. Taarabu ya zama hizo iliimbwa Kiarabu na ilikuwa na mizizi katika kasri: Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni. Siti hakuidharau elimu hiyo kwa kuwa si ya kwao. Aliisomea kwa bidii.

Hapa ndipo lilipo kosa ninalolisema. Siku hizi vijana wetu wanaambiwa kwamba kujitambua ni kukataa kila kilichotoka kwa wengine na kufuata moyo tu. Nalikataa fundisho hilo, maana linamwacha mtu mikono mitupu. Siti alijua ana sauti. Alijua pia kwamba sauti isiyofunzwa haifiki mbali. Akajinyenyekeza kwa mwalimu, na alipokwisha kuimudu fani akaitia Kiswahili, lugha ya jirani zake, pamoja na habari zao. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke ambaye muuaji wake alitoroka, huku waliotoa ushahidi wakiadhibiwa. Kuimba hadharani habari ya mahakama iliyodhulumu, tena chini ya ukoloni, kulitaka mtu anayejua amesimama wapi.

Walikuwapo waliomcheka kwa sura yake na kwa uzazi wake. Hakujitungia ukoo mwingine, ingawa mjini Unguja wakati ule wengi walibadili nasaba ili wapate kupokelewa. Alijibu kwa nyimbo. Nami naona ushindi wake mkubwa zaidi ulikuwa juu ya sifa, kwa kuwa matusi humfanya mtu ajikaze, ilhali sifa za wakubwa humlegeza taratibu hata asijue. Aliimba mbele ya Sultani, akaimba kwa watu wa kawaida pia, na Kiswahili hakukiacha.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, miongoni mwao Mbaruku, Budda na Subeti, wakarekodi sahani za santuri. Husemwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Sahani zile zilienea pwani nzima, na wasikilizaji wakasikia kwenye mashine ya kigeni maneno wanayoyasema wao wenyewe barazani.

Alifariki mwaka 1950. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, naye aliandika pia habari za maisha yake mwenyewe. Wiki ijayo tutaingia humo, tuone mtu anajichunguza vipi kwa kalamu.