Je, wajua draiva ya diski yako ina tarehe ya uongo?

Kama kompyuta ya Windows iko karibu nawe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, kisha shuka hadi palipoandikwa Storage controllers au IDE ATA/ATAPI controllers. Bofya mara mbili jina utakalolikuta hapo, fungua ukurasa wa Driver, usome tarehe. Kwenye kompyuta nyingi utakuta 21 Juni 2006. Laptopu imenunuliwa mwaka jana, Windows imesasishwa wiki iliyopita, lakini draiva inayopitisha kila faili lako, kuanzia picha za harusi hadi hesabu za duka, inadai kuwa ni ya zama za Windows Vista.

Hapo wengi huingiwa na wasiwasi. Hukimbilia kutafuta draiva mpya, na baadhi yao huangukia zile programu za bure zinazojinadi kuwa zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Wangejua kwamba tarehe hiyo imewekwa kwa makusudi, wangeokoa bando na presha.

Raymond Chen, mhandisi mkongwe wa Microsoft, alilieleza jambo hili mwaka 2017. Windows ikikuta draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja kwa kiwango sawa, hutazama tarehe, na yenye tarehe ya karibuni ndiyo inayoshinda. Namba ya toleo huja baada ya hapo. Sasa chukulia kiwanda kimeandika draiva yake mwaka 2019, kisha Microsoft ikatoa Windows mpya mwaka 2021 ikiwa na draiva yake inayokifaa kifaa hicho kwa kiwango kile kile, yenye tarehe ya 2021. Ile ya Microsoft ingeing'oa ya kiwanda bila mwenye kompyuta kujua. Ili hilo lisitokee, Microsoft ilizipa draiva zinazokuja ndani ya Windows tarehe moja ya zamani, na imebaki nayo. Programu yenyewe inaendelea kurekebishwa, na ukitaka kujua umri wake wa kweli tazama namba ya toleo, ambayo huenda sambamba na namba ya Windows. Intel nayo ilichupa mpaka. Mafaili yake ya kuitambulisha Windows chipu za ubao mkuu yana tarehe ya 18 Julai 1968, siku kampuni hiyo ilipoanzishwa, miaka 17 kabla ya Windows ya kwanza kutoka.

Kwa hiyo tarehe tuiweke kando. Tuitazame kazi.

Diski haizungumzi na Windows moja kwa moja. Kati yao yupo mpatanishi anayeitwa kidhibiti cha hifadhi: chipu, au sehemu ya chipu, inayopokea maombi ya kusoma na kuandika, ikayapanga foleni na kuyapeleka kwenye diski. Vidhibiti hufuata kanuni ambazo viwanda vimekubaliana, na draiva ni programu inayozijua kanuni hizo kwa niaba ya Windows. Kanuni kongwe unazoweza kuzikuta bado mitaani ni za IDE, zilizozaliwa katikati ya miaka ya 1980. AHCI iliandikwa na Intel mwaka 2004 kwa ajili ya diski za SATA, na inaruhusu foleni moja ya amri 32 kwa kila mlango. NVMe, iliyotoka kwa mara ya kwanza Machi 2011, inaruhusu foleni hadi 65,535, na kila foleni ibebe hadi amri 65,536. Namba hizo zina sababu. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kimoja cha kusomea kwa kila uso wa sahani, na vichwa vyote husogea pamoja, hivyo amri 32 kwenye foleni zilikuwa zinaitosha na kubaki. SSD haina kinachosogea, na chipu zake nyingi zinaweza kusomwa kwa wakati mmoja. Ukiipa foleni moja, unaifunga miguu.

Windows inakuja na draiva zake za kanuni hizi: storahci.sys ya AHCI tangu Windows 8, na stornvme.sys ya NVMe tangu Windows 8.1. Kuna kichekesho hapa. Pamoja na kasi yote ya NVMe, kwa miaka mingi Windows imekuwa ikiandika maombi yake kwa kanuni za SCSI, zilizosanifishwa mwaka 1986, kisha draiva inayageuza kuwa ya NVMe njiani. Ni mwishoni mwa 2025 tu ndipo Microsoft ilipotangaza, kwa upande wa Windows Server 2025, njia ya kuiruka hatua hiyo.

Windows hujuaje ni draiva gani ya kumpa nani? Kila kifaa kilichounganishwa kwenye njia ya PCI hubeba namba za utambulisho. Katika dirisha lile lile la Device Manager, fungua ukurasa wa Details, chagua Hardware Ids, utaona maandishi kama VEN_8086. Hiyo ni Intel, iliyojichagulia namba inayokumbusha chipu yake maarufu ya mwaka 1978. AMD ni 1022, Samsung ni 144D. Baada ya kiwanda inafuata namba ya kifaa chenyewe, na ipo pia namba ya aina: 0106 ni kidhibiti cha AHCI, 0108 ni cha NVMe. Draiva ya jumla ya Microsoft hudaka kifaa kwa namba ya aina tu. Draiva ya kiwanda hukidaka kwa jina lake kamili, na Windows humpa kipaumbele anayekijua kifaa kwa undani zaidi. Namba hizo ndizo za kunakili kabla hujaanza kutafuta draiva yoyote, kwa sababu jina la biashara lililobandikwa kwenye kifuniko cha laptopu halikuambii ndani kuna kidhibiti cha nani.

Lakini kinachoitofautisha draiva hii na ya printa au ya sauti ni namna inavyoamka. Draiva ni faili, na faili hilo limehifadhiwa ndani ya diski. Windows itaisomaje diski ili ipate draiva ya kuisomea diski? Ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Jibu ni kwamba mwanzoni kabisa si Windows inayosoma. Ukiwasha kompyuta, programu iliyochomwa kwenye ubao mkuu, ambayo zamani iliitwa BIOS na sasa ni UEFI, ina ujuzi wake mdogo wa kusoma diski. Inakipakia kianzishi cha Windows. Kianzishi hicho, kikiendelea kuutumia ujuzi wa UEFI, kinachota kiini cha Windows, kinachota sehemu ya rejista inayoorodhesha huduma za mfumo, kisha kinapakia kwenye kumbukumbu draiva zote zilizowekewa alama ya kuanza na mfumo. Alama yenyewe ni namba 0 katika kipengele kinachoitwa Start. Baada ya hapo kiini kinashika usukani, na UEFI haikisaidii tena kusoma. Kuanzia sekunde hiyo Windows inaitegemea draiva yake mwenyewe.

Ikiwa draiva iliyopakiwa si ya kidhibiti kilichopo, Windows inajikuta imesimama kwenye kumbukumbu, haina njia ya kuifikia diski ilikotoka sekunde chache zilizopita. Haina la kufanya ila kuonyesha skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kosa namba 0x7B. Diski ni nzima na mafaili yote yapo. Inauma kufikiri ni watu wangapi wamepigiwa Windows upya, wakapoteza kazi zao, kwa kosa hili ambalo mara nyingi linaondoka kwa kubadilisha kipengele kimoja kwenye BIOS.

Na hapa pana jambo linalowahusu sana wanunuzi wa laptopu zilizotumika, zile zinazoingia kutoka Ulaya na kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue. Laptopu ya aina hiyo mara nyingi ina betri ndogo ya BIOS iliyochoka. Dalili yake ni saa kurudi nyuma miaka kadhaa kila inapokosa umeme. Betri hiyo ikifa, kwenye baadhi ya mashine mipangilio ya BIOS nayo hurudi ilivyotoka kiwandani. Dell, kwa mfano, imetoa laptopu nyingi zikiwa kwenye hali iitwayo RAID On. Kama fundi aliyeiandaa mashine aliihamisha kwenye AHCI ndipo akapiga Windows, siku betri inapokufa kidhibiti kinajitambulisha kwa namba nyingine, na Windows iliyokuwa ikiwaka jana haiwaki leo. Kabla ya kumkubalia mtu apige Windows upya, mwombe aingie BIOS atazame palipoandikwa SATA Operation au SATA Mode. Kisha mwambie abadilishe betri.

Anayetaka kuhama kwa hiari kutoka hali moja kwenda nyingine anaweza kufanya hivyo bila kufuta chochote. Tangu Windows 8 kuna mlango wa pembeni: fungua msconfig, weka alama kwenye Safe boot, zima na uwashe, na kabla Windows haijaanza ingia BIOS ubadilishe hali. Katika hali salama, Windows huzipakia draiva zake za msingi za diski bila kujali ilichozoea, ikaitambua inayofaa na kuiwekea alama ya kuanza. Ondoa alama ya Safe boot, washa upya, kazi imekwisha. Usifanye hivyo kama diski zako zimeunganishwa kwa RAID ya kweli, kwa maana data imegawanywa kati ya diski hizo na ni kidhibiti pamoja na draiva yake vinavyojua vipande vinaungana vipi.

Upande wa pili wa tatizo hili uko kwenye mashine mpya. Kuanzia vichakataji vya Intel vya kizazi cha 11, vilivyotoka mwaka 2020, laptopu nyingi huja zikiwa zimewasha teknolojia iitwayo VMD, inayozificha SSD nyuma ya kidhibiti cha Intel. Unachomeka flashi ya kupigia Windows, unafika mahali pa kuchagua diski, orodha ni tupu. Vijana hudhani SSD imekufa. Kinachokosekana ni draiva ya Intel Rapid Storage Technology: ishushe kutoka ukurasa wa kiwanda wa modeli yako, ifungue ubaki na folda yenye faili la .inf, inakili kwenye flashi, kisha bonyeza Load driver. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi Intel iliendelea kukipa kifurushi hiki jina la f6flpy. F6 ni kitufe ambacho enzi za Windows XP ulilazimika kukibonyeza mapema ili uingize draiva ya diski, na flpy ni flopi, kwa sababu XP ilitaka kuisoma kutoka kwenye flopi na si kwingineko. Flopi imekufa, jina limebaki kwenye faili la kuhudumia SSD.

Sasa lini usasishe? Msimamo wangu ni wa kihafidhina. Kama Windows inawaka, diski inasomeka kwa kasi inayotarajiwa na huoni makosa kwenye Event Viewer, iache. Draiva ya diski hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows, mahali ambapo kosa dogo linaangusha mashine nzima. Badilisha kama kiwanda kimetaja tatizo ulilonalo, au kama mashine inatumia RAID au VMD na unahamia Windows mpya. Na wakati mwingine draiva si dawa: tarehe 31 Januari 2011 Intel ilisimamisha usafirishaji wa chipu yake ya Cougar Point kwa sababu milango minne kati ya sita ya SATA ilikuwa ikidhoofika kadiri inavyotumika. Kosa lilikuwa kwenye transista. Intel ilikadiria ukarabati na ubadilishaji kuwa dola milioni 700.

Mahali pa kuchukua draiva ni patatu tu: Windows Update, ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta, au wa mtengenezaji wa kidhibiti. Mwaka 2010, watafiti waliochunguza kirusi cha Stuxnet, kilicholenga mashine za kurutubisha urani za Iran, walikuta draiva zilizotiwa saini kwa vyeti halali vya kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Hiyo ya pili hutengeneza vidhibiti vya diski. Ikiwa saini halali iliweza kutumiwa hivyo, faili la draiva lililookotwa kwenye tovuti isiyojulikana halistahili hata kufunguliwa.

Ukiamua kusasisha, nakili kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje. Hakikisha unao ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski, kwa kuwa laptopu nyingi za Windows 11 hufungwa hivyo, na mabadiliko ya BIOS yanaweza kuufanya udaiwe papo hapo. Jua pia kitufe cha Roll Back Driver kilipo, kwenye ukurasa ule ule wa tarehe. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, draiva uliyonayo inakutosha kwa leo.