Je, Wajua? Simu Inapogoma Kuingia Chaji

• Kwamba simu nyingi zinazochajiwa Bambu, huko Ituri nchini Kongo, zina Linux ndani? Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991.

• Kwamba dhahabu, iliyoanza kuchimbwa Kilo, hukohuko Ituri, mwanzoni mwa karne ya 20, hupakwa kwenye pini za soketi nyingi za chaji? Haishiki kutu, lakini vumbi la barabarani likijaa tunduni, umeme haupiti. Zima simu, kisha litoe taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao. Usitumie sindano.

• Kwamba tundu la USB 2.0 la kompyuta hutoa kwa kawaida ampea 0.5 tu, ilhali PinePhone, simu ya Linux halisi, hutaka chaja ya volti 5 na ampea 3? Chaji ikipanda kwa kusuasua, badilisha kwanza kebo, kisha chaja.

• Kwamba simu ya Linux hujieleza yenyewe? Fungua folda /sys/class/power_supply, ingia kwenye folda ya betri, usome faili liitwalo status. Likisema “Discharging” huku kebo imechomekwa, betri bado inaliwa.

• Kwamba betri ya lithiamu huogopa joto? Likizidi nyuzi 45 hivi, simu nyingi hupunguza au hukata chaji. Unapochaji kwa sola, paneli ikae juani, simu kivulini.

Betri ikivimba, usiitoboe wala kuichaji tena: iondoe kwenye matumizi.