Kauli Kumi na Mizani ya Lugha: Hojaji za Urahisi wa Utumizi katika Kitui na Makueni

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi urahisi wa kutumia bidhaa unavyopimwa kwa hojaji, na mahali ambapo lugha huweza kuupotosha upimaji huo. Hojaji mashuhuri zaidi ilibuniwa na John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986. Ina kauli 10, na mhojiwa huchagua daraja kutoka 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Kauli za witiri husifu bidhaa. Za shufwa huilaumu. Katika kauli za witiri, 1 hutolewa kwenye jibu. Katika za shufwa, jibu hutolewa kwenye 5. Jumla huzidishwa kwa 2.5, na alama huwa kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa mara nyingi ni 68.

Tuchukulie kwamba hojaji hii inapelekwa Mwingi au Wote ili kupima M-Pesa, huduma iliyozinduliwa mwaka 2007. Lugha ya nyumbani huko ni Kikamba. Kiswahili ni cha shuleni, sokoni na afisini. Mwaka 2006, Kraig Finstad alionyesha kuwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza walitatizwa na neno moja katika kauli ya 8, lenye maana ya kitu kinacholemea mtumiaji. Mfasiri wetu atasemaje? Akiandika "ngumu", atakuwa amerudia kauli ya 2. Akiandika "nzito", mkulima ataipima simu kiganjani! Kwa maoni yangu, "inasumbua kuitumia" ni afadhali.

Kauli ya 1 nayo huuliza iwapo mtu angependa kuitumia bidhaa mara kwa mara. Mkulima wa maembe wa Makueni, apataye fedha kwa msimu, aweza kuikataa ilhali haoni ugumu wowote.

Lililo zito zaidi ni adabu. Mzee asomewapo kauli na kijana mgeni, huenda akakubali zote ili asimvunje moyo. Sasa hesabu: daraja lolote likirudiwa mara 10, liwe 1 au 5, alama ni 50 kamili. Heshima ya mzee itasomwa kama kasoro ya bidhaa, au, vibaya zaidi, kama ushahidi kwamba watu wa huko hawaiwezi teknolojia. Alama peke yake haiwezi kufichua jambo hili. Mtafiti hana budi kupitia majibu kauli kwa kauli kabla ya kukokotoa, na aliyerudia daraja moja kote asomewe upya, safari hii kwa Kikamba.