Mpira Huisha, Maneno Hubaki

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukweli wa methali hii hudhihirika siku ya mechi kubwa, hususan siku wanapokutana watani wa jadi, Simba na Yanga. Tangu asubuhi mtaa hubadilika sura. Wekundu huvaa wekundu wao, na wa kijani na njano nao hawabaki nyuma. Ifikapo alasiri, nyumba yenye televisheni hugeuka ukumbi wa mtaa mzima, na mama mwenye nyumba hujikuta na wageni kumi na watano ambao hakuwaalika, lakini ambao hawezi kuwafukuza.

Mwaka 1980, timu yetu ya taifa ilipocheza kwa mara ya kwanza katika Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Lagos, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Waliobaki nyumbani walitegemea redio, wakaizunguka barazani kama watu wanaoota moto. Kejeli ilikuwapo, na utani ulikuwapo. Lakini neno lililotamkwa barazani aghalabu liliishia barazani. Aliyetaniwa alimwona aliyemtania, na kabla ya jua kutua walikwisha kugawana kahawa.

Leo mambo si hivyo. Katika chumba kimoja chenye watazamaji kumi na watano huenda zikawamo simu kumi, na kila simu ni dirisha lililo wazi kwa ulimwengu.

MKASA WA NYUMBANI KWETU

Nitawasimulia wasomaji jambo lililotupata wenyewe. Siku moja ya mechi ya watani, jirani yetu mmoja, mzee tunayemheshimu na ambaye watoto wetu humwamkia shikamoo kila asubuhi, alikuja kutazama mpira kwetu. Timu yake ilifungwa dakika za mwisho. Mzee alikaa kimya, bagia mkononi, machozi yakimlengalenga. Kijana mmoja wa ukoo wetu alimpiga picha, akaiandikia maneno ya dhihaka, akaituma katika kundi la WhatsApp la mtaa. Alicheka, na sisi, ni lazima nikiri, tulicheka pamoja naye.

Kabla ya sala ya Isha picha ile ilikwisha kufika kazini kwa mwanawe na kwa ndugu zake walio mikoani. Watu wasiomjua waliongeza maneno mazito kuliko yale ya kwanza. Kijana aliifuta picha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ingawa WhatsApp humruhusu mtu kufuta ujumbe wake kwa wote katika siku mbili za mwanzo, hawezi kuifuta nakala ambayo mwingine amekwisha kuihifadhi au kuipeleka mbele.

Mzee hakukanyaga kwetu kwa miezi miwili. Tulikwenda kumwomba radhi, kijana akiwa mbele yetu. Mzee alitusamehe, ila alisema jambo ambalo sijalisahau: kwamba timu kufungwa haikumwumiza, kwani amezoea, kilichomwumiza ni kwamba alifanyiwa hivyo ndani ya nyumba aliyoingia kama mgeni.

Tangu siku ile, nyumbani kwetu tumejiwekea desturi mbili. Ya kwanza ni ya jikoni, na ya pili ni ya simu. Nazo zinasaidiana, maana mkono ulioshika kachori haushiki simu kwa wepesi.

DESTURI YA JIKONI

Chagueni vitafunio vinavyoliwa kwa mkono, visivyohitaji sahani wala mchuzi, na ambavyo kazi yake yaweza kumalizwa mapema. Vipimo vifuatavyo vyatosha watu kumi hivi.

Bagia za kunde: Loweka nusu kilo ya kunde usiku kucha. Asubuhi zifikiche kwa mikono mpaka maganda yatoke, uyamwage pamoja na maji. Zisage kwa maji kidogo sana pamoja na kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na pilipili kiasi. Tia chumvi na majani ya giligilani yaliyokatwakatwa, kisha upige kwa mwiko mpaka rojo iwe nyepesi. Hapo ndipo ilipo siri ya bagia laini. Chota kwa kijiko na kukaanga katika mafuta ya moto mpaka ziwe za rangi ya dhahabu.

Kachori: Chemsha kilo moja ya viazi, menya na uponde. Changanya na chumvi, maji ya limau, pilipili na giligilani, kisha ufinyange vidonge. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa maji na binzari kidogo, uji uwe mzito. Chovya vidonge humo na uvikaange.

Kashata za karanga: Kaanga vikombe viwili vya karanga na uondoe maganda. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari katika sufuria kavu, moto uwe mdogo, huku ukikoroga mpaka igeuke rangi ya asali. Tia karanga na iliki, changanya upesi, mimina katika sinia lililopakwa mafuta, na ukate vipande kabla haijapoa. Watoto wadogo sana wasipewe, kwa kuwa karanga huweza kuwakaba.

Kinywaji kiwe juisi ya ukwaju: robo kilo ya ukwaju katika lita mbili za maji ya moto yaliyochemshwa, ukilainika, fikicha, chuja, tia sukari na uache ipoe.

Jambo moja lisisahauliwe. Kazi ya kukaanga imalizike nusu saa kabla ya mpira kuanza. Mafuta yanayochemka na watoto wanaoruka kwa goli havipatani. Tena si haki mama abaki jikoni akisikia shangwe kwa mbali, ilhali naye ana timu yake. Baba na vijana wa kiume washike viazi na visu.

DESTURI YA SIMU

Mlangoni tunaweka kapu. Anayependa huacha simu yake humo hadi filimbi ya mwisho. Anayengoja habari za mgonjwa au za kazi hubaki nayo bila kuulizwa. Lakini wote hufuata sharti moja: mgeni hapigwi picha wala picha yake haitumwi popote bila ridhaa yake, na mtoto hatumiwi picha bila ridhaa ya mzazi wake.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo tu. Na wakumbuke yaliyotokea Julai 11, 2021, siku ya fainali ya Kombe la Ulaya jijini London. Uingereza ilifungwa na Italia kwa mikwaju ya penalti, na wachezaji watatu weusi waliokosa penalti, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walimiminiwa matusi ya kibaguzi mitandaoni. Saka alikuwa na umri wa miaka 19. Baadhi ya waliotukana walikamatwa, na mmoja wao alifungwa wiki 10.

Hapa kwetu pia iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo huhesabu kuwa ni kosa kusambaza habari ambazo mtu anajua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha, na pia kumwandama mtu kwa ujumbe wa kumtisha au kumsononesha. Hasira ya goli la dakika ya tisini haitakuwa utetezi mahakamani.

Yafaa pia vijana wafundishwe kusoma alama. Tangu Aprili 2020, WhatsApp imeweka mipaka kwa ujumbe uliokwisha kupitia mikono mingi, ambao huonekana kwa alama ya mishale miwili. Ukiiona mishale hiyo juu ya habari kwamba mchezaji fulani amehongwa, au kwamba mwamuzi fulani ni ndugu wa kocha, ujue kwamba aliyekutumia huenda hajui ilikotoka. Iache iishie kwako.

TUNAYOWAACHIA WATOTO

Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika liliziteua Tanzania, Kenya na Uganda kuwa wenyeji wa pamoja wa Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Heshima ya mwenyeji haijengwi viwanjani peke yake. Huanzia sebuleni, pale mtoto anapotazama jinsi mama yake anavyomkaribisha shabiki wa timu pinzani, na jinsi baba yake anavyozungumza baada ya kufungwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyejua kushinda bila kumdhalili mwenzake, naye ana la kujifunza.

Mzee jirani yetu sasa amerudi. Hukaa katika kiti kilekile, karibu na dirisha, na bagia zake hutengwa pembeni zisizo na pilipili. Timu yake ikifungwa tunamtania, naye hutujibu. Na yote yanayosemwa humo, humo ndimo yanamobaki.