Oili Huvuja Juu, Hudondoka Chini
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bila shaka kila mmoja wenu amepata kuona doa jeusi mahali palipokuwa pamesimama motokaa. Wengi hulipita doa hilo bila kulifikiri. Mimi nimelifikiri sana tangu likizo iliyopita, maana doa kama hilo lilikaribia kumnyima mwenzangu kazi yake, na sababu ilikuwa ulimi wangu. Basi napenda kuwaeleza jinsi oili inavyovuja katika injini na jinsi mahali pavujapo panavyotafutwa, ili asiyejua ajue, na ajuaye anisahihishe.

Motokaa yenyewe ni Datsun 240Z, gari dogo la mbio lenye milango miwili, lililoundwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki jina lake si geni kwa wazee. Katika mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la aina hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2393. Chini ya injini kuna sampu, yaani bakuli la oili, linalochukua lita nne na zaidi. Pampu huivuta oili hiyo na kuipeleka juu mpaka kwenye kemshafti na valvu, kisha oili hurudi chini kwa uzito wake. Likumbukeni neno hili, kwamba oili hupandishwa kwa nguvu lakini hushuka yenyewe, kwa kuwa ndilo nililolisahau mimi.

Gari hilo ni la mzee mmoja, mteja wa miaka mingi wa gereji ya mjomba wangu mjini Arusha. Likizo ya Desemba lililetwa kubadilishwa klachi. Mwanagenzi wa gereji, kijana anayenizidi miaka miwili tu, alishusha giaboksi, akatia klachi mpya, na papo hapo akatia sili mpya ya nyuma ya krankishafti. Sili hiyo ni pete inayozuia oili isitoke pale shafti inapotokeza nyuma ya injini. Siku hiyo hiyo mjomba alirekebisha nafasi za valvu, na alipomaliza alinipa mimi kazi ndogo ya kurudisha kifuniko cha juu. Nilifurahi mno kupewa spana.

Mwezi wa Juni yule mzee alirudi. Alisema kwamba kila asubuhi hukuta doa chini ya gari, na akipanda kilima husikia harufu ya oili inayoungua. Tukaliinua gari kwa jeki, tukaliegemeza juu ya stendi za chuma, maana haifai kabisa mtu kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Nikaingia na tochi. Tone lilikuwa likining'inia pale injini inapokutana na giaboksi. Nikatoka, nikasema kwa sauti mbele ya mzee, "Ni sili ya nyuma. Haikutiwa vizuri."

Yule mwanagenzi alinyamaza, akainama kufuta spana zake. Mzee akasema kwamba ikiwa ndivyo, hataki kijana yule aguse gari lake tena. Kushusha giaboksi si kazi ya saa moja, na gereji ingalilazimika kuifanya bure. Kwa mwanagenzi aliyekuwa bado akijaribiwa, jambo hilo lingalitosha kumrudisha kwao. Mjomba alimwomba mzee amwachie gari siku mbili. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza, "Mjomba, tone umeliona. Njia yake umeiona?" Sikuwa na jibu.

Kazi ya kutafuta ilikwenda hivi. Kwanza tuliiacha injini ipoe, tukatoa waya za betri, tukafunika kabureta na distribyuta kwa mifuko ya plastiki ili maji yasiingie. Halafu tukaisugua injini yote kwa brashi na mafuta ya taa, tukaiosha kwa maji ya sabuni, tukaikausha kwa vitambaa hata pembeni. Mjomba alisema kwamba juu ya injini chafu kila mahali ni pabichi, na mtu ataona pale anapotaka kuona.

Pili, mjomba alinituma dukani kununua poda ya watoto. Muuza duka akanipa hongera kwa kupata mdogo! Tulirudisha betri, tukainyunyiza poda hiyo nyuma na pande zote za injini mpaka ikawa kama imepakwa chokaa. Poda kavu ni nyeupe, lakini oili ikiigusa huwa nyeusi mara moja, na hivyo njia ya oili hujiandika yenyewe.

Tatu, tuliiwasha injini ikazunguka robo saa hadi ikapata moto. Tulikaa mbali na feni na mikanda, tukazima, tukatazama. Mjomba aliniamuru nianze juu nishuke chini, nisianze chini nikapanda. Nyuma ya silinda ya sita, mahali ambapo jicho halifiki ila kwa kioo kidogo, niliuona mstari mweusi. Ulianzia ukingoni mwa kifuniko cha valvu, ukateremka nyuma ya injini, ukafuata maungio ya giaboksi, ukaishia chini kabisa pale nilipoliona tone. Mstari mwingine mfupi uliteremka ubavuni kuelekea bomba la ekzosi, na ndio uliokuwa ukitoa harufu ya kuungua. Harufu ile peke yake ingalinikumbusha kutazama juu, kama ningalikuwa na subira ya kufikiri.

Mjomba alifungua kifuniko. Kati ya kifuniko na injini hukaa gasketi ya koki, ambayo kazi yake ni kuziba nafasi ndogo iliyopo kati ya vyuma viwili. Koki iliyo nzuri hubonyea kidogo, kisha husukuma. Hii ilikuwa imekauka kama ganda la mkate, tena nyuma ilikuwa imepasuka na kuminywa nje. Mjomba akauliza kwa upole ni nani aliyefunga kifuniko hiki Desemba. Nilikuwa mimi. Nilirudisha gasketi ile ile ya zamani kwa kuwa ilionekana nzima, tena nilizikaza bolti kwa nguvu zangu zote, nikidhani kwamba kadiri bolti inavyokazwa ndivyo oili inavyozuilika. Kumbe kukaza kupita kiasi huiponda koki na hukipinda kifuniko. Sili ya mwenzangu ilikuwa kavu, na poda iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe.

Nilikwenda kwa yule mwanagenzi nikamwomba radhi. Aliniangalia kitambo, kisha akanipa kikwanguo cha mti, akasema, "Haya, kwangua wewe."

Nikakwangua. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu, na bisibisi ya chuma huacha mikwaruzo ambayo nayo huvujisha, kwa hiyo mti ndio unaofaa. Tulifunika valvu kwa kitambaa safi ili vipande vya koki visidondokee ndani. Tukakilaza kifuniko juu ya kioo bapa kuona kama kimepinda, tukakinyosha kidogo. Gasketi mpya tukaiweka kavu mahali pake, tukazirudisha bolti kwa vidole, kisha tukazikaza kwa spana fupi kuanzia katikati kwenda miishoni, upande huu na upande huu, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu.

Jambo moja zaidi halikusahauliwa. Pistoni zinapofanya kazi, gesi kidogo hupenya na kushuka ndani ya injini, nayo hutolewa kwa mipira maalumu na valvu ndogo ili irudi kuungua. Mipira hiyo ikiziba, gesi hujaa ndani na kuisukuma oili itoke popote palipo dhaifu, hata kama gasketi ni mpya. Tuliitoa, tukaisafisha masizi yaliyokuwamo, tukairudisha.

Tukanyunyiza poda tena. Mzee alipokuja, mjomba alimweleza kosa lilikuwa la nani, nami nikasema mwenyewe kwa kinywa changu, maana maneno ya kwanza niliyasema mbele yake. Kisha mzee alimpa ufunguo yule mwanagenzi, wakalijaribu gari hadi Usa River na kurudi. Usiku tulitandika katoni chini ya injini. Asubuhi ilikuwa kavu.

Wenzangu, ninyi mtakaoshika spana siku moja, oili iliyotumika msiimwage mtaroni wala mtoni. Iwekeni katika debe. Gasketi ya zamani msiirudishe. Na kabla ya kusema kosa ni la nani, osheni injini kwanza. Kipande kile cha koki kilichopasuka nimekuja nacho shuleni, nacho kimo ndani ya sanduku langu bwenini. Atakaye kukiona na aje.