Harufu Ngeni Ndani ya Ndege

Abiria wa Dodoma, aliyezoezwa vumbi la kiangazi na moshi wa kuni hata pua yake ikawa haishtuki upesi, ana haki ya kujua kwamba ndani ya ndege pua hiyo hiyo ni chombo cha usalama kisicho na badala. Sababu ni kwamba ndege nyingi za abiria zinazoruka leo hazikuwekewa mtambo wa kutambua mvuke wa oili katika hewa ya chumbani, na habari ya mvuke huo, isipotolewa na aliyeunusa, aghalabu haitolewi na yeyote.

Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya anga kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kimojawapo kati ya Moshi na Mbeya, na ndege za enzi ile zilikwenda chini kiasi cha msafiri kuvuta hewa ya kawaida. Ndege nyingi za jeti za sasa hupaa futi 30,000 na zaidi, mahali ambapo hewa ni haba mno kwa uhai wa mwanadamu, basi sharti ishindiliwe na kutiwa chumbani. Katika ndege nyingi, mathalani Airbus A220 na Dash 8 Q400 ambazo Air Tanzania inazitumia, hewa hiyo huchotwa katika kompresa ya injini, kabla haijafika pale inapochanganywa na mafuta na kuwashwa, kisha hupozwa na kupelekwa kwa abiria. Boeing 787 imeepukana na utaratibu huo, kwa kuwa ina kompresa za umeme zinazovuta hewa ya nje moja kwa moja.

Katika kuichota hewa injinini ndipo ilipo asili ya taabu. Injini hulainishwa kwa oili, na oili huzuiwa isivuje kwa sili. Sili ikichakaa, au nguvu ya injini ikibadilika ghafula, oili kidogo huweza kupenya katika hewa yenye joto kali na kugeuka mvuke. Oili nyingi za injini za jeti hutiwa trikresili fosfeti ili vyuma visilike, na baadhi ya namna za kemikali hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu. Vichujio vya ndege hunasa vumbi na vijidudu, lakini mvuke huu hupita. Juu ya madhara ya muda mrefu wataalamu wangali wakihojiana. Walakini harufu ngeni ndani ya ndege huweza kuleta madhara ya papo hapo, kwani Desemba 2010 marubani wawili wa shirika la ndege la Germanwings, walipokuwa wakishuka kutua Köln, walilemewa na harufu hata wakalazimika kuvaa barakoa za oksijeni.

Waliowahi kuunusa mvuke wa oili huufananisha na soksi zilizorowa jasho. Harufu ya plastiki inayoungua ni jambo jingine, na huenda ikatoka kwenye waya wa umeme au betri ya simu. Hiyo haingojwi hata kidogo. Tarehe 2 Septemba 1998 marubani wa ndege ya Swissair 111 walisikia harufu wakadhani ni ya mitambo ya hewa, kumbe moto ulikuwa umeshika juu ya dari; baada ya yapata dakika 20 ndege ilianguka baharini karibu na pwani ya Canada, wakafa watu wote 229. Kwetu, Februari 2024, Airbus A220 ya Air Tanzania iliyokuwa ikienda Mbeya ilipata hitilafu ya injini na moshi ukaonekana chumbani. Ilirejea Dar es Salaam salama.

Mtu wa bara aghalabu huona haya kumsumbua mhudumu, akichelea kuitwa mshamba. Haya hiyo haina nafasi hapa. Amwite aseme, "Dada, nasikia harufu ya oili," bila kupiga kelele za moto, na aeleze imeanza lini, yupo kiti gani, injini zilikuwa zikiwashwa au ndege ikishuka, na kama macho yanamwasha au kichwa kinazunguka. Mhudumu humpasha rubani, rubani huandika katika kitabu cha hitilafu za ndege, na fundi hupata pa kuanzia. Harufu hutoweka upesi, na lisipoandikwa neno ndege hujaza abiria wengine ikaruka tena. Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilitoa mwongozo mwaka 2015 juu ya kuwafundisha wafanyakazi wa ndege kuyatambua matukio haya na kuyaripoti.

Akishatua, abiria aliandikie shirika la ndege, na asipojibiwa apeleke habari kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Akiwa bado ana kizunguzungu au kikohozi, aende hospitali siku hiyo hiyo, na amwambie daktari waziwazi kwamba alivuta mvuke ndani ya ndege, kwa kuwa daktari asiyeambiwa hatakuwa na sababu ya kuuliza.