Betri ya Gari Inayoisha Chaji Kila Mara

Betri ya gari huishiwa chaji kwa njia tatu. Ama haiwezi tena kutunza umeme inaopewa, ama haipewi umeme wa kutosha injini inapozunguka, ama kuna kitu kinachoinyonya gari likiwa limeegeshwa. Visababishi ni vingi, lakini vyote huangukia katika mojawapo ya njia hizo, na kila njia ina kipimo chake. Hata hivyo, gari linalobustiwa asubuhi, likatembea vizuri mchana kutwa, kisha likagoma tena baada ya siku mbili, mara nyingi hununuliwa betri mpya kabla hakijapimwa chochote. Betri mpya ina nguvu, kwa hiyo huficha ubovu kwa wiki kadhaa. Ubovu ukijitokeza tena, betri ya pili nayo imeshaanza kuharibika.

Kinachoiharibu kinaeleweka mtu akijua kilichomo ndani yake. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Betri ya risasi na asidi iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake ni ileile hadi leo: bamba za risasi na bamba za oksidi ya risasi zimezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi hupungua nguvu na bamba zote hupata utando wa salfeti ya risasi. Inapochajiwa, utando huo huondoka na asidi hurudi. Lakini betri ikikaa bila chaji kwa siku nyingi, utando hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi tena, na sehemu hiyo ya bamba huwa imekufa. Betri ya kuwashia injini imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Haikutengenezwa kukaushwa na kujazwa kila siku kama betri ya sola. Ndiyo maana taa moja ndogo isiyozimika huweza kuua betri ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Joto huongeza madhara. Mahali kama Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, betri iliyo chini ya boneti karibu na injini hupoteza maji haraka, na vyuma vyake vya ndani huliwa mapema kuliko vya betri iliyo Iringa au Limuru. Betri za kujaziwa maji zinahitaji kufunguliwa na kuangaliwa mara kwa mara. Bamba zikionekana juu ya maji, sehemu iliyo wazi inaharibika. Kinachoongezwa ni maji safi ya betri yasiyo na madini. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi zinazoharibu bamba. Kuongeza asidi ni kosa zaidi, kwa sababu asidi haikupotea. Kilichopotea ni maji.

Kabla ya kifaa chochote, macho na mikono hufanya kazi kubwa. Terminali zilizolegea, zenye ungaunga mweupe au wa kijani, huzuia umeme kutoka na kuzuia chaji kuingia. Gari la namna hiyo huonyesha dalili zote za betri mbovu huku betri ikiwa salama. Terminali hufunguliwa, ikianza ya hasi, husuguliwa pamoja na vichwa vya betri hadi risasi ing'ae, kisha hukazwa, ya hasi ikifungwa mwisho. Waya wa hasi hufuatwa hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa kuwa huko nako kutu hujificha. Betri iliyotuna ubavuni au yenye ufa haistahili kupimwa, hubadilishwa. Na kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto kwa urahisi, sigara na cheche hukaa mbali nayo.

Kipimo cha kwanza ni cha volti, na mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Gari likiwa limepumzika usiku kucha, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 au chini yake ni karibu tupu. Kupima mara tu baada ya injini kuzimwa hudanganya, kwa kuwa betri bado ina chaji ya juujuu. Ikilazimu kupima wakati huo, taa kubwa huwashwa dakika mbili, huzimwa, kisha baada ya dakika chache mita husomwa. Namba moja huzungumza peke yake: volti 10.5 kwenye betri ambayo imetoka kuchajiwa usiku kucha. Maana yake seli moja imekufa na tano zimebaki. Betri hiyo haina tiba.

Hata hivyo volti za betri iliyotulia hazithibitishi nguvu zake. Betri nzee huweza kusoma 12.6 kisha ikaanguka mara tu stata inapoitisha umeme. Kwa hiyo betri hujazwa kwanza kwa chaja, kisha mtu mmoja huzungusha stata huku mwingine akisoma mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi kabla injini haijawaka, betri imechoka, isipokuwa stata yenyewe imeanza kukwama na kuvuta umeme kupita kiasi. Kwa betri zenye vifuniko, haidromita, kifaa kinachopima uzito wa asidi, husema zaidi. Asidi ya seli iliyojaa husoma karibu 1.265, na ya seli tupu karibu 1.120; betri zinazotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto huwa na asidi nyepesi kidogo. Muhimu ni seli zote sita zilingane. Seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, ndiyo mgonjwa.

Betri ikifaulu, zamu ni ya alteneta, inayoipa betri umeme injini inapozunguka. Injini ikiwa inazunguka, mita kwenye vichwa vya betri inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.7 hivi, na isianguke chini ya 13.5 taa kubwa, feni ya hewa na redio vinapowashwa pamoja. Ikibaki 12 na kitu, mkanda umelegea, brashi za alteneta zimekwisha, au waya wa chaji umekatika. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na betri inachemshwa, ndiyo maana maji yake huisha kila wiki. Baadhi ya magari ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na mita huweza kuonyesha volti 12.8 kwa muda bila kuwapo ubovu. Gari la haibridi halina alteneta ya kawaida. Betri yake ndogo ya volti 12 huchajiwa kutoka betri kubwa kupitia kigeuzi, lakini ikiisha gari hugoma kama jingine lolote.

Kuna jaribio moja la gereji za mitaani ambalo lafaa likomeshwe: kuchomoa terminali ya betri injini ikiunguruma ili kuona kama itazimika. Kwenye magari ya zamani yenye kabureta jaribio hilo halikuleta hasara kubwa. Kwenye gari lenye kompyuta, alteneta iliyopokonywa betri ghafla huweza kurusha volti nyingi kwa kishindo na kuunguza kompyuta ya injini, redio au alteneta yenyewe. Mita ya bei ndogo hutoa jibu lilelile bila hasara.

Wakati mwingine alteneta ni nzima na mwendo ndio haba. Stata huvuta ampia nyingi, 150 au zaidi, lakini kwa sekunde mbili tu, na kiasi hicho hurudishwa ndani ya dakika chache. Tatizo ni betri iliyoisha kabisa, ikabustiwa, kisha gari likazungushwa mtaa mmoja na kuzimwa. Betri tupu huhitaji saa nyingi kujaa, hasa sehemu ya mwisho ambayo huingia polepole. Gari la safari fupi za sokoni na shuleni, au linalokaa kwenye foleni usiku likiwa na taa na feni, huweza kuishi na betri nusu tupu mwaka mzima. Kuiweka betri kwenye chaja usiku kucha ndiyo njia ya uhakika ya kuijaza.

Inabaki njia ya tatu, na hapa ndipo mafundi wengi huchoka na kuuza betri. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, alamu, kumbukumbu ya redio na kompyuta huendelea kunywa miliampia 20 hadi 50, na hiyo ni kawaida. Kwa betri ya NS60, yenye ampia-saa 45 hivi na inayoonekana kwenye magari mengi madogo kutoka Japani, miliampia 40 humaliza nusu ya chaji kwa zaidi ya wiki tatu. Balbu ya wati 5 iliyobaki ikiwaka ndani ya buti huvuta miliampia 400, yaani karibu ampia-saa 10 kwa siku. Siku mbili huweza kutosha gari lisiwake. Hesabu hii ni dalili yenyewe: gari linalogoma baada ya usiku mmoja lina mnyonyaji mkubwa au betri mbovu, linalogoma baada ya wiki lina mnyonyaji mdogo.

Ili kumpata, waya wa hasi hufunguliwa na mita huwekwa katikati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampia 10. Kabla ya hapo kioo cha dereva hushushwa, milango hufungwa, na ufunguo hupelekwa mbali, kwa kuwa ufunguo wa kielektroniki ulio karibu huweza kuliweka gari macho. Swichi haiguswi wala stata haizungushwi mita ikiwa hapo, la sivyo fyuzi ya mita huungua. Kisha ni kusubiri. Kompyuta za gari huzima moja baada ya nyingine, na huweza kuchukua dakika 20 hadi saa nzima. Anayesoma mita dakika ya pili ataona ampia mbili au tatu na kumsingizia mtu asiye na hatia.

Namba ikitulia juu ya miliampia 100, fyuzi huchomolewa moja moja hadi ianguke. Fyuzi iliyoiangusha huonyesha njia, na kifuniko cha sanduku la fyuzi hueleza kinachopita humo. Kwenye magari mapya ni bora kutochomoa, maana kuchomoa na kurudisha huamsha kompyuta. Badala yake waya wa hasi hurudishwa, gari husubiriwa lilale tena, kisha mita huwekwa kwenye milivolti na ncha zake huguswa migongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi yenye umeme unaopita huonyesha milivolti kidogo. Isiyo na umeme husoma sifuri.

Wanaopatikana na hatia mara nyingi hawakutoka kiwandani na gari: alamu ya ziada, kifaa cha kufuatilia gari, au redio kubwa yenye amplifaya ambayo fundi aliiunga kwenye waya usiozimika. Wengine ni wa uzee. Kipande kidogo cha plastiki au mpira kwenye pedali ya breki hukauka kikavunjika, swichi ya breki ikabaki imewashwa, na taa za breki zikawaka usiku kucha. Mlinzi wa getini huziona kabla ya mwenye gari. Rele hushikamana. Swichi ya mlango au ya buti hujaa kutu.

Ikiwa fyuzi zote zimepimwa na mita haijashuka, alteneta huangaliwa tena. Ndani yake mna daiodi zinazoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Daiodi iliyoharibika huachia umeme wa betri urudi kwenye alteneta usiku, ilhali mchana chaji huonekana ya kuridhisha. Waya mnene wa alteneta hufunguliwa betri ikiwa imetenganishwa, huzibwa usiguse bodi, kisha kipimo hurudiwa. Miliampia zikirudi kwenye kawaida, daiodi ndizo zilizokuwa zikiinyonya betri, na alteneta hupelekwa kubadilishwa daiodi zake.